Kitonga iko ukurasa wa ngapi?

Jumatatu iliyopita, kabla sijapandisha shata la duka, nilikuta ujumbe wa kijana kutoka Njombe. "Shikamoo dada. Nimesoma kijitabu chako cha spea na milima, nimekirudia mara mbili. Na mimi nataka kuandika kitabu cha magari, ila sijui ni kipi ambacho bado hakijaandikwa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu palepale kwenye simu, wateja wakaingia, jibu likakatika mara tatu. Nimeamua kulileta hapa, kwa sababu najua hauko peke yako. Kila mpenda magari wa huku kwetu, kuanzia Iringa hadi Tunduma, ana kitabu anachotamani mtu mwingine akae chini akiandike. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilisubiri miaka mingi huyo mtu mwingine atokee.

Nauza spea Mwanjelwa, hapa Mbeya, huu ni mwaka wa 19. Nimezaliwa Mafinga, mtoto wa dereva wa lori. Nyumbani kwetu hatukuwa na rafu ya vitabu. Palikuwa na sanduku la spana, na juu yake kitabu kimoja cha gereji cha Kiingereza kilichopoteza jalada, ambacho baba alikifungua kuangalia picha tu. Nilipojua kusoma Kiingereza nilikichukua kwa hamu, nikakuta kinaeleza namna ya kuandaa gari kwa ajili ya theluji. Nilikifunga nikiwa na hasira ya kitoto, na hasira ile haijaisha.

Kitabu changu cha kwanza nilikiandika vibaya. Si hiki ulichosoma. Kilikuwepo kingine kabla yake, kurasa 140, na hakuna aliyewahi kukiona isipokuwa watu wawili. Nilianza na Karl Benz na hati yake ya mwaka 1886. Nikaenda kwa Ford na Model T ya 1908. Nikaeleza Land Rover ilivyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, Series II mwaka 1958, Series III mwaka 1971, mpaka Defender ya mwisho ya aina ile ilipotoka kiwandani Solihull Januari 2016. Yote ni kweli, na yote niliyakusanya kwenye intaneti usiku, watoto wakiwa wamelala. Nilijiona nimefika.

Nikapanda basi hadi Mafinga kumsomea mzee wangu. Ana miaka 80 sasa. Wakati ule macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Nilisoma jioni nzima, yeye akiwa kwenye kigoda karibu na moto, kwa sababu ulikuwa mwezi wa saba na unaijua baridi ya Mafinga. Nilipomaliza alikaa kimya, halafu akaniuliza, "Mwanangu, Kitonga iko ukurasa wa ngapi?"

Haikuwepo. Katika kurasa 140 za kitabu cha magari kilichoandikwa na binti wa dereva, mlima Kitonga haukuwemo. Mlima Nyoka haukuwemo. Hapakuwa na utingo hata mmoja, wala tope, wala kona 57 za kutoka Chimala kupanda Matamba. Nililia usiku ule, na sioni aibu kusema.

Asubuhi yake mzee akaanza kuzungumza. Alipanda lori kama utingo mwaka 1967. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru wake Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ikaingia matatani, na mafuta mengi ya Zambia yakawa yanapita huku kwetu, kwenye mapipa, juu ya malori. Wageni waliiita barabara ile njia ya jehanamu. Malori ya Fiat ya Zambia-Tanzania Road Services yalipeleka mafuta na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976, lakini kabla ya hapo kazi ile ilibebwa na madereva na matingo wao. Baba aliniambia kazi ya utingo mlimani ni kutembea kwa miguu nyuma ya gari akiwa na gogo mkononi, ili lori likishindwa kupanda alisukumie nyuma ya tairi kabla halijaanza kurudi. Alinionyesha alivyokuwa akilishika lile gogo: kwa mkono mmoja, mwili uko pembeni, kwa sababu aliyesimama katikati ya njia ya tairi hakupata nafasi ya kujifunza mara ya pili.

Nimetafuta kitabu cha Kiswahili kinachosimulia miaka ile kwa mdomo wa dereva au utingo. Sijakipata. Mdogo wangu, hicho ni kitabu cha kwanza, na walioifanya kazi ile wana miaka 75, 80, 85. Ukisubiri upate muda, utakuta majina yao kwenye matangazo ya msiba.

Kwa hiyo nilianza upya. Hatua nyingine nazipita, kwa sababu habari za kuomba namba ya ISBN na kupanga kurasa hazina ladha. Ila moja nitaisema. Andiko jipya nililipeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Nililala njiani, nikafika nimevaa vizuri, nimelibeba kwenye bahasha. Mhariri alifunua kurasa nne, akasema, "Dada, mafundi hawasomi." Akaongeza kwamba kitabu cha magari kilichoandikwa na mwanamke kingekuwa kigumu kukiuza. Nikasema asante, nikatoka.

Nimeibeba sentensi ile miaka sita. Mafundi hawasomi! Mimi nasimama kaunta kila siku ninawaona wakisoma. Fundi wa darasa la saba anageuza beringi, anaona 6205, anazidisha ile 05 mara tano na kujua tundu lake ni milimita 25, wakati mwenye gari na shahada zake amesimama pembeni hajui kinachoendelea. Wanasoma maandishi madogo kwenye maboksi kwa tochi ya simu. Wanalinganisha namba ya spea ya orijino na ya feki, herufi kwa herufi. Huyo ni msomaji makini kuliko wengi wanaojiita wasomaji. Kinachomshinda ni kwamba hajaandikiwa. Nilichapisha mwenyewe hapa Mbeya, nakala 300. Ziliisha. Nikachapisha 500, zimebaki chache chini ya kaunta. Mwezi uliopita pale Makambako nilikiona kijitabu changu juu ya dashibodi ya Scania, jalada limechanika, kurasa zimejaa alama za vidole vya grisi. Nilisimama pale mpaka dereva akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Sasa nije kwenye swali lako, vitabu gani havijaandikwa.

Angalia gari lolote lililotoka Japani. Fungua kile kiboksi cha mbele ya abiria. Kitabu cha gari kimo, kinene, kipya kabisa, kwa sababu tangu lishuke bandarini hakuna aliyekifungua. Kiko kwa Kijapani. Ukiwasha gari, sauti ya mwanamke inakuambia jambo kila asubuhi. Wateja wangu wengine wanafikiri inawasalimu, kumbe inasema kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Redio inaanzia 76 na mengi yanaishia 90, kwa hiyo vituo vyetu vingi haivikamati, na watu wanadhani imekufa. Taa za dashibodi zinawaka, mwenye gari anafunika kwa karatasi ya gundi. Nimeona gari la gia za CVT, zile za otomatiki zisizo na hatua, limewekewa mafuta ya gia boksi ya kawaida kwa sababu kifuniko kimeandikwa lugha ambayo hakuna mtu Mwanjelwa anayeijua. Aandike mtu kitabu kimoja tu, IST, Passo, Noah, taa gani ina maana gani, mafuta gani yanaingia wapi. Kitauzwa kama chumvi.

Halafu thamostati. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Kila wiki linakuja gari ambalo thamostati yake imetolewa na kutupwa. Fundi anakuambia ni kifaa cha Ulaya, nchi za baridi, huku Afrika hakina kazi. Gari lilichemsha siku moja, ikakutwa imeganda imefunga, ikatolewa, kuchemsha kukaisha, na somo likawa limekwisha hapo. Ndugu zangu, Njombe mwezi wa saba ni Afrika ya wapi hiyo? Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasizunguke kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini inatembea baridi nusu ya safari, inakula mafuta, oili inabaki nzito, ringi zinalika. Na kwa kuwa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha iliyofungiwa na mfuniko wa rejeta. Mpira wa mfuniko ule ukichoka, gari linachemsha kwenye mlima wa Chunya, na watu wanafungua silinda hedi kutafuta ugonjwa ambao uko kwenye mfuniko. Vitabu vya Uingereza havikuandika hivyo kwa sababu mwandishi wake hakuwahi kupanda Chunya na gari lenye mfuniko wa kubambikiza. Wewe umepanda. Andika.

Halijaandikwa pia kamusi la gereji. Mzee wangu alipopanda lori 1967 ndio mwaka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, lilipoundwa, na kazi kubwa imefanyika tangu hapo, naiheshimu. Lakini kwa miaka 19 hakuna mteja aliyeniomba kifyonza mshtuko. Wanaomba shokapu. Wanaomba difu, propela, sentabolti, kingpini, hozi, bushi ya mkono wa chini. Nilianza kuyaandika kwenye daftari chini ya kaunta: neno, gari, na mteja ametoka wapi. Yamefika 380, na kuna kifaa kimoja chenye majina matatu kutegemea mteja anatokea Tunduma, Iringa au Songea. Sehemu ndogo tu imeingia kwenye kijitabu changu. Lugha hii ni Kiswahili kamili, imezaliwa chini ya chasi, na mtu akipenda kuichukua kazi hiyo nitampa daftari lote bila senti.

Wapo wapenda mashindano pia. Bert Shankland alikuwa akiishi Tanzania. Alishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Waulize vijana wa magari hapa mjini, watakutajia madereva wa Formula One wote na huyu hawamjui. Inaniumiza.

Ushauri wangu basi. Nenda kwa watu. Usianze na intaneti, nilianza huko na unajua nilipoishia. Kaa gereji, kaa mizani, kaa kwa mama ntilie ambako malori yanalala, sikiliza. Sura yangu ya kushuka milima haikutoka kichwani mwangu. Niliwauliza madereva wa semi mmojammoja kwa miezi minane. Wote walianza na maneno yaleyale, gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, lakini ilibidi nirudi mara ya tatu na ya nne ndipo waeleze kwa nini. Kwamba lori la tani 56 likishushwa kwa breki peke yake, ngoma zinapata joto, zinatanuka, zinakimbia viatu vya breki, na upepo wa breki unaisha kwenye matangi huku dereva akiendelea kukanyaga. Kwamba wanaoweka frii, yaani gari lisiwe kwenye gia yoyote, ili kuokoa dizeli wanajikuta hawawezi tena kuirudisha gia. Mmoja alinieleza alivyonusurika mteremko wa Inyala, akasimama katikati ya maelezo akaenda kunawa uso. Hayo huyapati kwa kuketi nyumbani. Nenda kwa watu, rudi tena, na ukimaliza kuandika wasomee kwa sauti kabla hujampa mtu yeyote wa ofisini.

Na usimruhusu mtu akuambie nani anasoma na nani hasomi. Nakusihi kwa hilo. Vijana wa VETA, vyuo vya ufundi, wanakuja kwangu wakinakili maelezo kwenye viganja vya mikono kwa kukosa kitabu. Tunawadai ufundi bora, na hatujawaandikia ukurasa mmoja kwa lugha wanayoiota. Hili ni deni letu sisi tuliojua kuandika na bado tunaishi karibu na grisi, na litabaki kwetu mpaka tulilipe.

Nunua daftari la jalada gumu. La jalada laini litalowana oili siku ya kwanza. Jumamosi ijayo, kama una nauli, shuka Mafinga. Mzee nimeshamwambia utakuja. Anaamka saa kumi na moja, ikifika saa nne anachoka, kwa hiyo wahi. Nilipomtajia habari zako hakuuliza umesoma wapi wala unaandika nini. Ameuliza utakuja na gari gani.