Maswali yenu: ekonomi ya mazingira, memwari (kitabu cha kumaliza masomo), makala ya kupikia na bursi (pesa ya kusomea)

Tangu mwaka wa masomo uanze hapa Lubumbashi maswali yamejaa, nimechagua yenye yanarudi-rudi na mengine yenye yamenigusa. Kama lako halimo, angalia kwanza kama jibu halimo ndani ya la mwenzako.

“Yaya, niko lisansi ya kwanza Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Rafiki yangu wa agronomia anasema ekonomi ya mazingira ni mambo ya kupanda miti tu. Ni kweli?” (Mwanafunzi, Katuba)

Hapana. Sisi tunauliza swali moja gumu: kiwanda kikitoa moshi ama maji machafu, gharama yake inatoka mfuko wa nani? Mwenye kiwanda analipa wafanyakazi, analipa mazuti (dizeli), analipa duane (forodha), lakini mama wa jirani yenye lengalenga (mchicha) yake imeungua kwa asidi hakuna mtu anamuandika kwenye daftari ya kampuni, na hiyo gharama iliyotupwa nje ya hesabu ndo kazi yetu. Arthur Pigou alisema tangu 1920 kwamba mchafuzi atozwe kodi inayolingana na hasara anayowaletea wengine. Ronald Coase akaja 1960 akasema kama haki za kila mtu ziko wazi na kujadiliana hakuna gharama, watu wanaweza kupatana wenyewe bila kodi. Soma wote wawili, halafu jiulize kijiji kisicho na hata avoka (wakili) mmoja kitapatana vipi na kampuni yenye iko na maavoka Kinshasa na London. Coase mwenyewe alisisitiza sana hiyo gharama ya kujadiliana, lakini wengi wanaomtaja darasani wanaishia sentensi ya kwanza.

“Hesabu ni lazima? Mimi nilifanya pedagojia.” (Kampemba)

Lazima. Hii nimeshajibu mara nyingi mno, naomba isirudi. Chukua vitabu vya hesabu vya sekondari, anza leo, na statistiki usiikimbie.

“Asista alituambia faida ya miaka 100 ijayo leo haina thamani kubwa. Kama ni hivyo, juu ya nini tunasumbuka na watoto wa kesho? Sijaelewa kabisa.” (Masta ya kwanza, Bel-Air)

Hili ndo swali nilikuwa nangoja, asante. Asista wako anaongelea to ya diskaunti, ile asilimia tunatumia kurudisha pesa ya kesho kwa bei ya leo. Shika kalkuleta. Hasara ya dola 1,000 itakayotokea baada ya miaka 100, ukitumia asilimia 5, leo inahesabiwa kama dola 7 na nusu hivi. Ukitumia asilimia 1.4, inakuwa karibu dola 250. Hasara ni ileile, watu walewale wataumia, kilichobadilika ni asilimia yenye umechagua ukikaa kwenye meza yako. Ndo pale Nicholas Stern na ripoti yake ya 2006 aligombana na William Nordhaus, yule aliyepata Nobel 2018: mmoja alichukua asilimia ndogo akasema tuchukue hatua kali sasa hivi, mwingine akachukua kubwa zaidi akasema twende polepole. Kwa hiyo mtu akikuletea etidi (uchunguzi) ya mradi, kabla ya kuangalia matokeo muulize ametumia to gani na juu ya nini. Asipojibu, usiamini namba zake.

Na hapa kwetu hiyo habari si ya vitabuni. Shaba na kobalti zikitoka ardhini hazirudi. John Hartwick aliandika 1977 kwamba nchi inayokula madini yake, ili watoto wasikute maskini, lazima faida yenye inatoka kwenye madini iwekwe kwenye mali nyingine inayodumu: shule, barabara, umeme, mashine. Kodi miniye yetu, yaani sheria ya madini, baada ya kubadilishwa 2018, iko na wazo la namna hiyo ndani. Ile redevansi, malipo yenye kampuni inalipa juu ya madini (asilimia 3.5 kwa shaba, asilimia 10 kwa kobalti juu iliwekwa kati ya madini ya stratejia) inagawanywa: asilimia 50 kwa Leta (serikali) ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine ama sekta yenye mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Kila mwanafunzi wa hii sayansi Lubumbashi anapaswa kuijua hiyo migawanyo kwa kichwa, na nasikitika kuona mtu anamaliza masta anajua ekonomi ya samaki wa Norway lakini hajui komine yake inadai asilimia ngapi. Pesa ya komine ikinunua gari ya burgumestri (mkubwa wa komine) na kulipa misheni (safari za kikazi), hiyo tumekula mtaji wa watoto, na asiyejua kuhesabu hatagundua.

“Nitumie link za bursi, ndugu.”

Situmi. Ingia mwenyewe kwenye saiti ya ARES na ya VLIR-UOS, mashirika ya Ubelgiji yenye yanatoa bursi, soma masharti na tarehe ya mwisho. Kinshasa kuna ERAIFT, shule ya kikanda ya misitu na utawala wa maeneo iliyoanza 1999 kwa msaada wa UNESCO, wengi wanaisahau juu haiko Ulaya. Na mtu akikuomba pesa ya “kufungua dosye” ya bursi, huyo ni mwizi, usimtumie hata faranga moja, tayari kuna vijana wameuza simu zao juu ya hiyo.

“Kichwa cha memwari yangu ni: Athari za uchimbaji wa madini kwa mazingira ya Haut-Katanga. Direkteri (profesa anayenisimamia) amekubali. Unaonaje?” (Ruashi)

Naona utaandika kurasa 80 bila kusema kitu. Mniwie radhi lakini hiki kichwa nimekiona kila mwaka, kinabadilisha jimbo tu, mara Lualaba, mara Haut-Katanga, sura ya kwanza maana ya mazingira, sura ya pili historia ya Gécamines, kampuni ya madini ya Leta, tangu ilipokuwa Union Minière, sura ya tatu kwestionea ya watu mia moja: “Je, madini yanachafua?” Ndiyo, asilimia 92. Hapana, asilimia 8. Halafu mapendekezo kwa serikali. Juri inakupa distinksyo, memwari inaenda kabatini, na mtaa wenye ulienda kuuliza hakuna kilichobadilika.

Punguza. Chukua mtaa mmoja, chukua hasara moja. Wewe uko Ruashi, nyuma ya nyumba zenu kuna visima watu wameacha kunywa, sasa wananunua maji kwa bidoni. Hapo uko na memwari nzima. Ingia nyumba kwa nyumba na kayee (daftari), uliza mama mwenye nyumba (si baba, baba hajui) bidoni ngapi za lita 20 kwa siku, faranga ngapi moja, nani anaenda kubeba, dakika ngapi, mtoto anachelewa shule ama la. Tuseme nyumba moja inanunua bidoni 5 kwa siku, moja faranga 200: hiyo ni faranga 30,000 kwa mwezi. Nyumba 400, tayari ni milioni 12 kila mwezi, na bado hujahesabu muda wa yule msichana anayesukuma baro, bado hujahesabu dawa za tumbo. Hiyo njia inaitwa gharama za kujikinga, iko kwenye manyuali zote, haihitaji mashine ya milioni, na inatoa namba yenye chifu wa mtaa anaweza kubeba mezani wakati wa kujadili kahie de sharji, yale maandishi ya ahadi za kampuni kwa jamii za karibu. Tena usisahau kwamba kodi miniye inalazimisha kampuni kutenga si chini ya asilimia 0.3 ya shifri dafere (mauzo yote ya mwaka) yake kwa miradi ya jamii za karibu. Sasa linganisha hiyo pesa na namba yako. Ukifika hapo hata juri itakaa vizuri kwenye kiti.

Onyo lingine: usiandike “maji yana sumu” kama hujapima. Sema watu wameacha kuyanywa, hiyo umeiona. Ukitaka kusema kuna kobalti ama risasi ndani, nenda kwa watu wa toksikolojia wa UNILU, wao wamepima metali kwenye mikojo ya watu wa huku na wamechapisha, soma kazi zao na uombe ushauri. Neno moja lisilo na pruvu kampuni italishika hilohilo na kutupa mengine yote.

“Kuna mtu anauza memwari tayari, dola 150. Ni hatari?”

Ni wizi na unajua. Pita.

“Yaya, misitu ya miombo inaisha, makala yanapanda bei kila mvua. Juu ya nini Leta isikataze tu makala?” (Baba wa familia, komine ya Kenya, Lubumbashi)

Papa, leo jioni delestaji (kukatwa umeme) ikipita kwako utapikia nini? Tuanze hapo. Makala yakikatazwa bila umeme wa kuaminika, mbabula (jiko la makala) haizimiki, kinachoongezeka ni pesa ya barieri (vizuizi vya barabarani), na hiyo pesa utailipa wewe ndani ya bei ya mfuko. Sipendi kusikia wanafunzi wangu wanamlaumu yule kijana anayesukuma kinga (baiskeli) na mifuko mitano barabara ya Kasenga. Angalia bei ya ule mfuko ina nini ndani: jasho la kukata, jasho la tanuru, usafiri, barieri, faida ya muuzaji wa Kenya. Mti wenyewe umehesabiwa sifuri. Ndo juu yake msitu unasogea mbali kila mwaka na wewe unaona bei ya usafiri inapanda, unadhani ni mvua.

Kuna watu watakutajia Garrett Hardin, 1968, kwamba mali ya wote lazima iharibiwe. Jibu ni la Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya ekonomi, 2009: alionyesha jamii nyingi zinazotunza msitu na maji yao miaka na miaka, mradi mipaka ijulikane, sheria zitungwe na watumiaji wenyewe, walinzi wawajibike kwao, na adhabu ianze ndogo. Na sheria yetu inaruhusu: tangu dekre ya 2014 jamii inaweza kuomba konsesyo (haki ya kutumia na kusimamia) ya msitu hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Miombo iko na uzuri mmoja, kisiki kikiachwa bila moto na bila shamba kinachipuka tena, kwa hiyo kijiji chenye haki mkononi kinaweza kukata kwa zamu, na kijiji kisicho na haki kinakata chote kabla mwingine hajakata. Mliona mukula, ule mti wa mbao nyekundu: uliondoka kwa malori kupitia Zambia kwenda China, na ulipowekwa kwenye orodha ya CITES (mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe walio hatarini) 2019 maeneo mengi yalikuwa yamebaki visiki.

“Binti yangu amekataa droa (sheria), anataka hii ekonomi ya mazingira. Nalipa minervali (pesa ya chuo) kwa shida. Atakula wapi?” (Mama, Likasi)

Mama, wasiwasi wako ni wa haki. Kazi ziko: kampuni za madini zinalazimishwa na sheria kufanya etidi ya athari kwa mazingira na jamii pamoja na plani ya kuzisimamia, kuna biro za etidi, kuna Wakala wa Mazingira wa Congo ulioundwa 2014, kuna maONG, kuna ualimu. Hazitoshi wote wanaomaliza, sitakudanganya. Atakayepata ni yule anayejua kushika ekseli na ramani za SIG (za kompyuta), anayeweza kuandika ripoti ya kurasa kumi bila kupamba, na aliyefanya staji (mazoezi ya kazi) ya kweli, si ile ya kupiga muhuri tu.

Kuna jambo hukuuliza. Biro ya etidi inalipwa na kampuni ileile inayopimwa. Siku moja binti yako ataambiwa aondoe aya moja kwenye ripoti ili dosye ipite, na mshahara wake utakuwa mkononi mwa anayeomba. Ongeeni hilo nyumbani mapema, na awe na akiba ya miezi michache kabla ya kuingia kazi hiyo ili siku hiyo aweze kukataa bila watoto kulala njaa. Droa si adui yake pia. Achukue kozi za sheria ya mazingira na kodi miniye, tunakosa sana watu wanaojua hesabu na sheria kwa pamoja.

“Kiingereza kinahitajika kweli? Profesa wetu anafundisha Kifaransa.”

Ndiyo. Makala nyingi za kisayansi za fani hii ziko kwa Kiingereza. Soma moja kwa wiki na kamusi pembeni, anza na zenye zinaongelea Katanga, maneno utayashika haraka juu mahali unapajua.