Fomu ya Mali Itasomwa, Jipange Sasa

Kwa miaka mingi sehemu ya kazi yangu katika taasisi moja ya serikali hapa Pwani ya Kenya ilikuwa kupokea fomu za mali. Kila baada ya miaka miwili, Desemba ikielekea kwisha, wafanyakazi walimiminika ofisini na bahasha zilizobandikwa gundi. Nilitia alama kwenye orodha, bahasha ikaingia kabatini. Aliyechelewa alipigiwa simu hadi akapatikana. Aliyeandika uongo hakutafutwa na mtu, maana hakuna aliyeifungua bahasha yake akaisoma.

Hali hiyo ilitokana na jinsi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilivyoundwa. Ilimtaka mtumishi ataje mapato, mali na madeni yake, ya mume au mke wake, na ya watoto wanaomtegemea walio chini ya miaka 18. Alijaza ndani ya siku 30 baada ya kuajiriwa, tena kila miaka miwili, na mara ya mwisho akiondoka kazini. Aliyekataa au aliyedanganya angeweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Ukisoma hivyo utaona ilikuwa kali. Lakini fomu zilitawanyika kwa tume na ofisi mbalimbali, na huko nilikokuwa sikuona hata mara moja fomu ikiwekwa kando ya hati ya shamba au rekodi ya gari ili vilinganishwe. Raia naye aliyetaka kuona fomu ya kiongozi wake alidaiwa kwanza aonyeshe sababu ya halali.

Tarehe 30 Julai 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Imeifuta ile ya 2003 na kuikabidhi EACC, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, usimamizi wa mambo haya. Naiunga mkono kwa moyo wote. Najua wapo watumishi wenzangu wanaoiogopa, na ni wao hasa ninaotaka kuzungumza nao: mwalimu, muuguzi, karani wa kaunti, askari. Usingoje kuulizwa. Anza leo kuweka karatasi zako sawa.

Sababu ni hii. Tangu 2003 sheria nyingine, Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi, inairuhusu serikali kwenda mahakamani kudai mali ambayo mwenyewe ameshindwa kuieleza. Hiyo ni kesi ya madai, si ya jinai. Tume ikishaonyesha kwamba unashukiwa ufisadi kwa msingi wa haki na kwamba mali yako inazidi kipato kinachojulikana, unatakiwa wewe ueleze umeipata wapi. Stanley Amuti, aliyekuwa meneja wa fedha katika shirika la umma la maji, alipambana na kesi ya aina hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba alipe serikali zaidi ya shilingi milioni 41. Alidai kwamba kutakiwa ajieleze kunavunja haki zake, majaji wakakataa. Kwa hiyo mtu mwaminifu asiye na karatasi anaweza kujikuta pabaya, ilhali mwizi mwenye wakili hodari na risiti za kubuni akapumua.

Anza na madeni. Watu wengi niliowahudumia walijaza mali kwa fahari, wakafika sehemu ya madeni wakaandika kistari. Waliona haya kutaja mkopo wa SACCO. Ndugu yangu, deni ndilo shahidi wako! Ukiwa na mshahara wa kawaida na ploti Mtwapa, mkopo ulioulipa kwa makato ya kila mwezi ndio unaoeleza ploti hiyo. Tunza barua ya mkopo na taarifa za makato hata baada ya kumaliza kulipa.

Hapa Mombasa tuna jambo jingine. Wengi tunaishi katika nyumba bila ardhi: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Ukiandika tu "nyumba, Majengo", msomaji atadhani una hati miliki. Andika wazi kwamba ardhi si yako, na uweke risiti za kodi. Shamba la urithi lililobaki kwa jina la marehemu babu nalo ulieleze hivyo hivyo: liko kwa jina la nani, warithi ni kina nani, na kama urithi umegawanywa. Zawadi ya harusi, fedha za chama cha kuchangiana, mchango wa ndugu aliye Ughaibuni, yote yanastahili mstari wake.

Na simu yako uiangalie kwa makini. Katika ule msasa wa polisi ulioanza mwishoni mwa 2013, chini ya tume ya huduma ya polisi iliyoongozwa na Johnston Kavuludi, askari wa trafiki walijikuta wakiulizwa kuhusu fedha zilizopita kwenye M-Pesa zao, wengine mbele ya kamera. Kwangu mimi huo ndio uliokuwa ukaguzi wa kweli, kwa sababu maswali yalitoka kwenye rekodi ambayo askari hakuiandika mwenyewe. Basi ukichaguliwa mweka hazina wa kamati ya arusi au wa mchango wa matibabu, usipitishe fedha za watu kwenye namba yako. Fungueni namba ya kikundi. Ikishindikana, weka daftari la nani alitoa kiasi gani na zilikwenda wapi, na uombe wanakamati wengine waweke saini.

Haya yote ni mzigo, na mzigo huo hautakuwa wa haki ukimwangukia mtu wa chini peke yake. Mwaka 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukaguzi wa mtindo wa maisha, akasema angekuwa wa kwanza kukaguliwa. Tangazo la rais si sheria, na rais akiondoka huondoka nalo. Kifungu cha 76 cha Katiba kinamkataza afisa wa dola kuwa na akaunti ya benki nje ya Kenya isipokuwa kwa namna sheria inavyoruhusu. Nani atajua kama kinafuatwa iwapo fomu ya waziri hailinganishwi na chochote?

Kwa hiyo kanuni za utekelezaji wa sheria hii mpya au marekebisho yoyote yanapoletwa kwa maoni ya umma, andika. Hati fupi ya ukurasa mmoja yenye pendekezo mahususi ina uzito kuliko malalamiko marefu. Mimi ninaomba mambo matatu. Fomu za mawaziri, wabunge, magavana, majaji na wakuu wa mashirika ziwekwe wazi kwa raia bila kulazimika kueleza sababu, namba za akaunti na anwani za nyumbani zikifichwa kwa usalama wao. Fomu zote zilinganishwe na rekodi za KRA, yaani mamlaka ya kodi, za Ardhisasa, yaani mfumo wa ardhi wa mtandaoni, na za usajili wa kampuni, na uchunguzi uanzie juu. Na swali la watoto lisiishie miaka 18, maana jumba la ghorofa huandikishwa kwa jina la kijana wa miaka 20 asiye na kazi, na jirani wote wanajua ni la nani.

Kama wewe ni mtumishi na hesabu zako ni safi, weka pendekezo lako pamoja na langu. Wanaopinga fomu kusomwa husema watumishi wote hawataki. Barua moja kutoka kwa muuguzi wa Kwale au mwalimu wa Kilifi anayesema anataka fomu yake isomwe inawaondolea hoja hiyo.