Ya maji na ya kapsuli si lazima ziwe sawa: yaliyonikuta kwenye dawa ya fangasi

Mkuu, umeuliza kama dawa ya maji inaingia mwilini haraka kuliko ya kapsuli, maana duka la dawa wamekwambia "ni ile ile, chukua iliyopo". Kwa dawa nyingi tofauti ni ndogo tu. Mimi niliangukia kwenye ile yenye tofauti kubwa: itrakonazoli.

Nilikuwa na fangasi za kucha za miguu. Nikaandikiwa kapsuli za miligramu 100, mbili asubuhi mbili jioni, wiki moja kila mwezi kwa miezi mitatu. Bei yake si mchezo. Dozi imeisha, muda umepita, ukucha unaochipuka kwenye shina nao wa njano vile vile. Nikaamini nimeuziwa feki.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia mmoja, dada mtulivu. Hata kucha hakuziangalia. "Kaka, una dawa nyingine unayotumia?" Nikamwambia omeprazoli, kila asubuhi, mwaka wa pili sasa, kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Akafungua kapsuli moja juu ya karatasi, vikamwagika vipunje vya mviringo kama uwele. Akanieleza kwamba kila kipunje ni sukari iliyopakwa dawa kwa nje, na dawa hiyo kwenye maji matupu haiyeyuki. Inataka asidi ya tumbo, na mimi kila asubuhi nilikuwa naizima. Omeprazoli ya miligramu 40 inaweza kupunguza itrakonazoli ya kapsuli inayofika kwenye damu kwa karibu theluthi mbili. Nyingine unaipeleka chooni na hela yako.

Daktari wa vidonda akakubali nipumzishe omeprazoli (usijiachishe mwenyewe), nikaanza upya, kapsuli nikimeza pale pale nikimaliza kula. Asiyeweza kuacha huambiwa ashushie kapsuli na soda ya kola, ile ya sukari ya kawaida. Nilidhani ni utani, mtu wa vidonda aambiwe anywe soda! Kumbe soda ile ni asidi kali, na ushauri huo umo hadi kwenye karatasi ya maelezo ya dawa.

Ya maji niliijua kupitia mama, aliyepata fangasi za koo. Humo dawa imeshayeyushwa, imebebwa na saiklodekstrini, kitu kinachotengenezwa kutokana na wanga. Haihitaji asidi, na masharti yake ni kinyume kabisa: inanywewa tumbo tupu, halafu unakaa saa nzima bila kula. Ikinywewa hivyo, inayoingia huzidi kwa karibu asilimia 30 kuliko ukiichanganya na chakula. Sasa mwambie hivyo mama aliyelelewa na "dawa hainywewi bila uji"! Kila asubuhi ni vita. Siku ya pili akaharisha, tukaogopa, kumbe ni kile kibebaji chenyewe: hakifyonzwi, kinabaki kwenye utumbo na kuvuta maji.

Chupa yake ilipobaki nusu nikataka nimalizie kwenye kucha zangu. Yule dada akakataa katakata: hizi mbili hazibadilishani miligramu kwa miligramu, na ya maji si ya kucha.

Kwa hiyo siwezi kukujibu ndiyo au hapana, mkuu. Hujaitaja dawa yako ni ipi, na unatumia nini kingine?