Nimejenga nakala ya Krell KSA-50: ugumu hauko kwenye mchoro

Mkuu, umeuliza kama mtu anaweza kujijengea nakala ya Krell KSA-50, kwa hoja kwamba mchoro wake unapatikana na transista zake si za ajabu. Inawezekana. Yangu inapiga muziki mwaka wa nne huu. Ila bajeti uliyoiweka, ya bodi mbili na transista kadhaa, imeacha nje karibu kila kinachokula hela, na karibu kila kilichonitesa.

Kwa wasioifahamu: Krell ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa na Dan D'Agostino mwaka 1980, na KSA-50 ni amplifaya ya klasi A (aina ambayo transista zake za kutolea, zile zinazosukuma spika, hazizimiki kamwe) ya wati 50 kwa kila chaneli kwenye spika ya omu 8. Wati 50 zinaonekana kidogo, lakini kaa chini upige hesabu. Kwenye omu 8 hizo ni volti 28 na ampea 3.5 kileleni. Ili transista za juu (za upande chanya) na za chini (za upande hasi) zisizimike hata mara moja, lazima zipitishe nusu ya mkondo huo muda wote, yaani kama ampea 1.8, hata kama hakuna wimbo. Ukiwa na volti 37 chanya na 37 hasi, hizo ni wati 133 za joto kwa chaneli moja. Chaneli mbili ni wati 266, na bado hujapiga kitu. Ndiyo maana Krell ya asili iliwekewa feni.

Mimi feni sikuitaka, kwa hiyo nililipia aluminiamu. Kila chaneli ina hitisinki (bamba la aluminiamu la kutoa joto) ya digrii 0.25 kwa wati, maana yake inapanda digrii 33 hivi juu ya joto la chumba. Ukiigusa baada ya saa moja unaweza kuacha kiganja pale kwa sekunde chache tu. Hitisinki mbili hizo zilinigharimu kuliko vifaa vyote vya kwenye bodi kwa pamoja. Usijidanganye na kipande ulichong'oa kwenye redio ya zamani.

Transfoma ndiyo inafuata kwa bei. Chukua ya mviringo yenye volti 28 mbili, na usishuke chini ya VA 300 (volti mara ampea) kwa chaneli; mimi nimefunga ya 500 kila upande. Bolti yake ya katikati isiguse kasha juu na chini kwa wakati mmoja, kwa sababu hapo unakuwa umefunga mzunguko kamili wa chuma kuzunguka kiini, na utapita mkondo mkubwa wa kuunguza. Kwa kuchuja nimeweka maikrofaradi 40,000 kila upande wa chanya na hasi; kwa ampea 1.8 mawimbi yanayobaki hayafiki hata nusu volti.

Sasa transista. Hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu. Nilinunua za kutolea, MJ15003 na MJ15004, kwa muuzaji aliyekuwa na bei nzuri mno. Multimita ilisema nzima zote. Chaneli ya kwanza iliwaka, nikapandisha bayasi (ule mkondo wa kudumu) taratibu, na ilipokaribia ampea moja nikasikia mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti. Fyuzi mbili zilikatika, na transista nne zikawa zimeshoti. Nilichukua moja nikaikata kofia kwa msumeno wa chuma. Ndani, katikati ya bamba lote lile, kulikuwa na kipande cha silikoni kidogo kuliko kichwa cha kiberiti. MJ15003 ya kweli imeandikwa wati 250, ampea 20. Huwezi kupitisha hayo kwenye punje ile. Baadaye nilikata nzima moja niliyoipata kwa wakala anayetambulika, ili niwe na uhakika, na silikoni yake ilikuwa kubwa mara kadhaa. Iliniuma kuiharibu, lakini tangu siku hiyo sinunui transista za kutolea kwa mtu ambaye hawezi kunionyesha zilikotoka.

Kuwasha mara ya kwanza: usiwashe moja kwa moja. Funga balbu ya kizamani ya wati 100, ile ya waya wa ndani, kwa mfululizo na laini ya umeme. Bayasi iwe chini kabisa. Balbu ikimulika kisha ikafifia, uko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, kuna shoti. Ukishapita hapo iondoe, kwa sababu klasi A ikifikia bayasi yake kamili balbu itakunyima umeme na vipimo vyote vitakudanganya.

Mimi nina jozi nne za kutolea kwa chaneli, kila transista na rezista ya omu 0.47 kwenye mguu wa emita, kwa hiyo ampea 1.8 ikigawanywa kwa nne natafuta milivolti 210 kwenye kila rezista. Usifike huko kwa mara moja. Panda hadi 100, subiri nusu saa, angalia tena. Transista ikipata moto, volti yake kati ya mguu wa besi na wa emita inashuka kama milivolti 2 kwa kila digrii, mkondo unapanda, joto linaongezeka, na usipoangalia inajikaanga yenyewe. Transista ya kudhibiti bayasi lazima ishikwe kwenye hitisinki ileile, siyo kuning'inia hewani kama nilivyoona kwenye picha za wengi. Chini ya kila transista ya kutolea weka kipande cha ulanga (maika, kisichopitisha umeme) na pesti ya joto pande zote mbili, kisha pima kama kweli haishikani na aluminiamu.

Ukizima usiingize mkono. Kapasita hizo zinabaki na chaji ya kuyeyusha ncha ya bisibisi. Mimi naziunganisha na rezista ya omu 100 ya wati 10, nahesabu nusu dakika, halafu napima.

Yangu ilipotulia ilikuwa na mambo mawili. Rezista ya omu 10 ya pale kwenye kutolea, iliyo mfululizo na kapasita ndogo, ilikuwa ya moto bila muziki wowote. Hiyo ni dalili kwamba amplifaya inajipigia frikwensi ya juu usiyoisikia. Nilifupisha waya za besi, nikazilaza karibu na bodi, ikapoa. La pili ni mvumo wa hezi 100 kwenye spika. Nilihangaika wiki nzima nikibadilisha kapasita, kumbe graundi ya ingizo nilikuwa nimeichukua kwenye ule waya mnene unaounganisha kapasita mbili, mahali mikondo ya kuchaji inapopita. Nilitoa waya mmoja kutoka katikati yake hadi bolti ya pembeni, graundi zote nikazifunga hapo, kimya kikarudi. Ethi ya kasha ni suala jingine kabisa: hiyo lazima iwepo, na usiikate kamwe kwa kutafuta ukimya.

Kama lengo lako ni kuokoa hela, tafuta amplifaya nzuri iliyotumika. Kama unataka kuielewa na kuwa nayo, anza na chaneli moja tu. Badala ya spika funga rezista ya omu 8 ya wati 100, iache iwake kwa muda wa saa nne, na upime volti ya mkondo mnyoofu (DC) kwenye kutolea. Ikiwa chini ya milivolti 50 muda wote, funga rilei ya kulinda spika, ndipo ununue vifaa vya chaneli ya pili.