Uganda inatuzidi mafuta mara ngapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shemeji yangu wa Mbale alikuja kututembelea, tukabishana mpaka chakula kikapoa. Anasema Uganda ina mapipa bilioni 6.5 ya mafuta na sisi Kenya tuna milioni 560 tu kule Turkana, kwa hiyo wametuzidi zaidi ya mara kumi. Nilikosa la kumjibu. Ni kweli?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Marahaba. Tarakimu zote mbili alizotaja shemeji zimewahi kutolewa rasmi, ila hazipimi kitu kimoja. Huniuma sana kuona hata watu waliosoma wakizilinganisha hivyo.

Bilioni 6.5 ni makadirio ya mafuta yote yaliyolala ardhini katika Bonde la Albertine, kando ya Ziwa Albert. Yanayotarajiwa kutolewa ni kama bilioni 1.4. Zile milioni 560 za Turkana ni makadirio ya yanayoweza kutolewa. Yaliyomo ardhini katika bonde la Lokichar Kusini, hukohuko Turkana, yalikadiriwa kuwa bilioni 2.8 hivi. Linganisha basi yanayotoka kwa yanayotoka: Uganda inatuzidi mara mbili na nusu. Imetuzidi, hilo tulikubali, lakini mara kumi hapana.

Utauliza, hayo mengine yanabaki chini kwa nini? Nilipokuwa nafundisha jiografia, nilikuwa naingia darasani na tofali la kuchoma na kikombe cha maji. Namwaga maji polepole, tofali linayanywa yote. Kisha nampa mwanafunzi: haya, yarudishe kikombeni. Analikamua, analigonga, analipuliza, yanatoka matone mawili matatu. Mafuta nayo hayakai chini ya ardhi kama maji ya kisimani. Yamejificha katika vitundu vidogo mno vya mawe, na ukichimba, shinikizo linasukuma sehemu tu. Unaweza kuingiza maji ili kuyasukuma mengine, na bado mengi yatang'ang'ania jiwe.

Tena mafuta ya nchi hizi mbili yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana bomba la kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limesanifiwa liwe la kupashwa joto njia nzima. Na ndiyo maana malori yaliyoanza kuteremsha mafuta ya Turkana kuelekea Mombasa mwaka 2018 yalibeba matangi yenye kinga ya kuhifadhi joto. Meli ya kwanza iliondoka Agosti 2019 na mapipa 200,000.

Kuna neno moja nataka mlitumie kwa uangalifu: akiba. Kwa wataalamu, mafuta huitwa akiba pale tu panapokuwa na mpango thabiti wa kuyatoa kwa faida, na wenye fedha wameshaamua kuzitoa. Kabla ya hapo ni rasilimali iliyogunduliwa. Uganda iligundua mafuta ya kutosha biashara mwaka 2006. Wawekezaji wakatangaza uamuzi wao wa mwisho wa kutoa fedha tarehe 1 Februari 2022. Miaka kumi na sita! Sisi kisima cha Ngamia 1 kilitupa habari njema Machi 2012, na siku Uganda ilipofikia uamuzi ule, Turkana ilikuwa bado haijapata wa kwake.