Lajkonik wa Kraków Ni Nani?

SWALI: Mhariri, salaam. Katika picha za jiji la Kraków, nchini Poland, nimemwona mwanamume mwenye ndevu nyeusi na kofia ndefu iliyochongoka, yenye hilali kileleni, akicheza barabarani huku amejifunga farasi wa bandia kiunoni. Je, anamwakilisha nani katika jiji la Wakatoliki, na mbona watu wanamkimbilia ilhali ameshika rungu? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Huyo anaitwa Lajkonik, naye ni mkazi wa Kraków aliyevishwa mavazi ya kiongozi wa Watatari, wapiganaji wapanda farasi waliotoka Asia. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1287, Watatari walipoushambulia mji, wasafirishaji wa magogo wa mto Vistula, katika kitongoji cha Zwierzyniec, waliivamia kambi yao na kumuua khan, yaani kiongozi wao, kisha mmoja wao akavaa mavazi ya marehemu na kuingia mjini kwa shangwe. Uvamizi wa mwaka huo ulitokea kweli. Kisa cha mavazi, kwa maoni yetu, ni cha kusikilizwa kama hadithi, kwa sababu kilienea kwa maandishi katika karne ya 19, zaidi ya miaka 500 baadaye.

Hata mavazi unayoyaona pichani hayakutoka kambini kwa khan. Yalibuniwa mwaka 1904 na Stanisław Wyspiański, mchoraji na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa humo humo Kraków, na yakijumlishwa na farasi wake huwa na uzito wa takriban kilo 40. Mchezaji hubeba mzigo huo mwilini, miguu yake ikiwa imefichwa na kitambaa kinachoning'inia ubavuni mwa farasi, na bado hutakiwa kuruka na kuzunguka kwa mdundo wa ngoma tangu Zwierzyniec hadi uwanja mkuu wa soko.

Kuhusu rungu, ondoa hofu: anayeguswa nalo huaminika kupata bahati njema, ndiyo maana watu husogea badala ya kukimbia. Njiani Lajkonik huingia madukani na kudai kodi, kama mshindi anavyowatoza walioshindwa, na akifika uwanjani meya wa jiji humkabidhi mfuko wa fedha, wakanywa divai pamoja kuutakia mji heri.

Ukipanga kwenda, hesabu kwanza tarehe ya Pasaka. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo huadhimishwa huko Alhamisi, siku 60 baada ya Pasaka, na Lajkonik hutoka Alhamisi inayofuata.