Chuma "kilichopakwa dawa" au "kilichotiwa dawa"?

SWALI: Ni mwanafunzi wa uuguzi, naishi Kisauni, Mombasa. Nilipokuwa nikieleza vyuma vya kuungia mifupa niliandika "chuma kilichopakwa dawa". Mwenzangu ashikilia ni "kilichotiwa dawa". Lipi sahihi? Na kile kinachokifunika chuma, nikiite tabaka au utando?

JIBU: Mwanangu, kila mmoja wenu ana nusu ya haki.

Kupaka ni kueneza kitu juu juu. Kutia ni kukiingiza. Ndiyo maana ukuta hupakwa rangi ilhali kitambaa hutiwa rangi. Mafundi wa mashua hawana shaka na jambo hili: kalafati, ile pamba ya kuzibia, hutiwa katika nyufa za mbao ikashindiliwa kwa nyundo; lakini sifa, yale mafuta ya papa yanukayo mtaa mzima, hupakwa juu ya ubao. Sema umepaka kalafati uone utakavyochekwa.

Sasa tuje kwa chuma chako. Titani, madini yatumiwayo kuundia vyuma hivyo, hulowekwa katika maji yaliyotiwa madini kwa vipimo vinavyokaribia vya maji ya damu, kwa joto la nyuzi 37. Tadashi Kokubo na wenzake wa Kyoto, Japani, waliyaeleza maji hayo mwaka 1990. Chuma kikikaa humo siku kadhaa, kalsiamu na fosfati hujitenga na maji zikakigandia, na kinachopatikana hufanana na madini ya mfupa wenyewe. Hapo hakuna aliyepaka kitu. Kimetanda chenyewe, na kinachotanda ni utando. Tabaka si kosa, ila mimi likinifikia masikioni naona vitu vilivyopangwa kimoja juu ya chengine. Ukitaka kuonyesha kwamba unaiga mwili, ongeza tu: utando unaoiga mfupa.

Na dawa je? Utando ukisha kuwa tayari ndipo ukachovywa katika kiuavijasumu, dawa hushika juu juu na sehemu kubwa yake hutoka upesi. Hiyo waweza kusema imepakwa, sina ugomvi nawe. Lakini dawa ikichanganywa katika yale maji tangu mwanzo, hunaswa ndani ya utando unapojijenga, kisha hutoka polepole kadiri utando unavyoyeyuka au kumung'unywa na seli zivunjazo mfupa. Hiyo imetiwa. Njia nyengine, ya kukirushia chuma madini yaliyoyeyushwa kwa joto la maelfu ya nyuzi haitoi nafasi hiyo, kwani dawa ingeungua.

Mwenzako asifurahi mapema, lakini. Dawa imetiwa katika utando, si katika chuma. Kwa hivyo andika "chuma chenye utando uliotiwa dawa", upatanisho uufuate utando. Ni refu, nakubali. Mwenye haraka aseme "chuma chenye utando wa dawa" na ataeleweka.

Mengi ya haya bado yamo maabara, lakini siku utakapomweleza mgonjwa wodini, chunga hicho "kimepakwa". Huenda akakuuliza kitapakwa tena lini, au akaogopa kidonda kikioshwa dawa itafutika. Mwambie: dawa imo ndani ya utando, yatoka kidogo kidogo, na haipakwi tena.